Punda Milia wa Isiolo Si Yule Unamjua: Stori ya Grevy, Mnyama Aliyebaki Chini ya 3,000 Dunia Nzima

Kama ushawahi panda matatu ya kutoka Isiolo ukielekea Archer's Post, unajua vile hukuwa. Nusu ya abiria wamelala, kuna msee huko nyuma anatafuna veve na bigijii, dere ameweka ngoma hadi vioo vinatetemeka. Ukishapita Ngare Mara, cheki dirishani. Kuna siku utaona punda milia watatu wanne wamesimama kando ya vichaka, wanaangalia gari ikipita. Hakuna mtu atageuza shingo. Si ni punda tu?

Mimi pia nilikuwa hivyo, na nimezaliwa hapa hapa Bulla Pesa. Nilipoacha kolegi mwaka wa pili juu ya fee, nilirudi nyumbani nikaanza kuandikia msee mmoja wa kuzungusha watalii maneno ya kuweka chini ya picha zake. Siku ya kwanza akanitumia picha ya mnyama ako na mistari, nikaandika "Punda milia wa Mara". Hajamaliza hata dakika mbili, simu ikalia. "Buda, futa hiyo kitu haraka. Huyo si wa Mara. Huyo ni Grevy. Huyo ni wetu."

Niliaibika, lakini nikaanza kufuatilia. Na vile nimefuatilia, nimegundua wengi wetu tumeishi karibu na mmoja wa wanyama adimu zaidi Afrika na hatujui hata jina lake. Kwa hivyo leo kaa chini nikueleze, polepole, kama tuko base.

Kwanza, utamjuaje?

Kenya tuko na aina mbili za punda milia. Kuna yule wa kawaida, yule umeona kwa vitabu vya shule, kwa Nairobi National Park na kule Mara. Alafu kuna punda milia wa Grevy, ambaye makao yake ni huku juu: Isiolo, Samburu, Laikipia, Marsabit na sehemu za Meru.

Tofauti ni rahisi ukishaonyeshwa. Anza na mistari. Ya Grevy ni miembamba na imebanana, ni kama mtu aliichora na kalamu. Ya yule mwingine ni mipana, kama ya brashi ya rangi. Pili, cheki tumbo. Grevy ako na tumbo jeupe, mistari inaishia ubavuni. Yule wa kawaida mistari inazunguka hadi chini. Tatu, masikio. Masikio ya Grevy ni makubwa na ya mviringo, unaweza dhani ameyaazima kwa mnyama mwingine. Nne, mwili. Grevy ndiye mkubwa zaidi kati ya jamii yote ya farasi na punda wa porini duniani. Dume anaweza fika kilo 400 na zaidi. Huyo si punda wa kuvuta mkokoteni wa maji Kula Mawe, huyo ni mashine.

Ukienda Buffalo Springs au Shaba, zote mbili ziko ndani ya kaunti ya Isiolo, utaskia maguide wakitaja "wale watano maalum" wa huku kaskazini: punda milia wa Grevy, twiga mwenye mchoro kama wavu, choroa, swala twiga na mbuni wa Kisomali mwenye shingo ya bluu. Hao watano ndio hufanya mtalii aache Mara aje kula vumbi letu.

Hilo jina Grevy limetoka wapi?

Hapa ndio stori inakuwa ya kuchekesha kidogo. Mwaka wa 1882, mnyama mmoja wa hii aina alipelekwa Ufaransa kama zawadi kutoka kwa Menelik, ambaye wakati huo alikuwa mfalme wa Shewa, Ethiopia. Rais wa Ufaransa aliitwa Jules Grévy. Mwanasayansi mmoja wa huko, Émile Oustalet, akamcheki huyo mnyama, akaona huyu ni wa aina yake, akampa jina la rais.

Yaani mnyama ametembea hapa miaka na miaka, Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wasomali na Warendille wanamjua kwa lugha zao, alafu anaandikwa kwa vitabu na jina la mzee wa Paris ambaye hata hakuwahi kanyaga Ewaso Nyiro. Ni sawa, tumezoea. Lakini usiruhusu jina likudanganye ufikirie ni wa kuletwa. Huyu ni mwenyeji kukuliko wewe na mimi.

Tumebaki na wangapi?

Sasa tukuje kwa namba, na hapa ndio ucheko unaisha.

Mwishoni mwa miaka ya 70, Grevy walikuwa karibu 15,000. Walikuwa Kenya, Ethiopia, Somalia, na zamani zaidi hadi Eritrea na Djibouti. Leo dunia nzima wale wa porini ni chini ya 3,000. Somalia wamekwisha, wa mwisho walionekana 1973. Ethiopia wamebaki mamia tu. Kwa hivyo zaidi ya 9 kati ya kila 10 wanaishi Kenya. Na Kenya ni huku.

Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya 2021 ilipata Grevy 2,649 nchini. Ile sensa ilipata punda milia wa kawaida 121,911. Piga hesabu: kwa kila Grevy mmoja kuna wale wengine 46. Ndovu, ambao kila siku tunaambiwa wako hatarini, walikuwa 36,280. Yaani ukiona ndovu umeona mnyama ambaye ako na wenzake mara 13 hivi zaidi ya Grevy. Na bado ile siku Grevy anavuka barabara, sisi tuko bize na simu.

Kuna shule za upili hii Kenya ziko na wanafunzi zaidi ya 2,649. Fikiria aina nzima ya mnyama inatoshea kwa paredi moja ya Jumatatu asubuhi.

Walienda wapi?

Ngozi. Hiyo ndio jibu la kwanza. Cheki tena ile mistari miembamba, alafu ufikirie mtu wa ng'ambo miaka ya 60 na 70 akitaka kapeti ya sebuleni, mkoba au koti la kujibamba nalo. Ngozi ya Grevy ilikuwa inang'aa kuliko ya yule mwingine, na ikawa na bei. Waliuawa kwa wingi juu ya uzuri wao. Ni ile maneno ya wahenga, uzuri wa mkakasi, lakini huyu ndani hakuwa kipande cha mti. Alikuwa mzima kabisa, na hiyo ngozi ndio ilimponza.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya vitu vya wanyamapori kama ngozi na pembe. 1979 Grevy akaingizwa kwa ile orodha kali zaidi ya mkataba wa kimataifa wa CITES, ambayo inazuia biashara ya kuvusha mnyama au ngozi yake mpaka. Leo ukipatikana umemuua, sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mzaha na wewe, juu ako kwa orodha ya wale walio hatarini kuangamia.

Sasa ungedhani hapo namba zingepanda, sindio? Hazikupanda. Bunduki zilinyamaza lakini Grevy wakaendelea kupungua, hadi kufika 2004 makadirio ya Kenya yalikuwa chini ya 2,000. Hii ndio sehemu watu wengi hawaelewi, na ndio sehemu inatuhusu sisi. Kilichowamaliza baada ya ngozi ni maji na nyasi.

Vile Grevy huishi

Ndio uelewe hiyo, lazima ujue maisha yake. Punda milia wa kawaida huishi kama familia: dume mmoja, wake zake kadhaa, watoto, wanatembea pamoja. Grevy hana hiyo. Dume wa Grevy hushika ploti. Ploti kubwa, inaweza fika kilomita mraba 10 au zaidi, bila hatimiliki. Anakaa hapo, anaweka alama na mavi, anapiga kelele madume wengine waskie ako. Majike ndio huzunguka. Leo wako hapa, kesho wako kwa jirani. Hakuna ndoa.

Madume wajanja hushika ploti iliyo karibu na maji. Kwa nini? Juu jike mwenye mtoto anayenyonya hawezi kaa mbali na maji. Lazima anywe kila siku moja au mbili ndio maziwa yatoke. Yule asiyenyonyesha anaweza vumilia hadi siku tano. Kwa hivyo mama anakwama karibu na kisima au mto, na yule asiye na mtoto anaenda mbali kutafuta nyasi nzuri.

Mimba yenyewe ni miezi 13. Hiyo ni zaidi ya mwaka mzima kubeba mtoto mmoja. Alafu mtoto akizaliwa, miezi ya kwanza hategemei maji ya mto, anategemea maziwa tu. Wakati mwingine mama huacha watoto mahali na dume mwenye ploti akiwa karibu, kama nasari, akienda kunywa maji. Nikisoma hiyo nilikumbuka wamama wa soko hapa Isiolo, vile mtoto huachwa kwa duka ya jirani mama akikimbia kutafuta mboga.

Sasa weka hiyo picha pamoja na ng'ombe, mbuzi na ngamia.

Mchana, kisima ni cha mifugo. Hiyo ni sawa, wachungaji wamechimba wenyewe, wamesimama kwa laga wanateka maji na mikono na mitungi wakiimba. Grevy anaogopa watu na mbwa, kwa hivyo anangoja. Anakuja usiku. Na usiku ndio simba na fisi wako kazini. Mama anachagua: akose maji maziwa yakauke, ama aende gizani na mtoto nyuma yake. Hakuna chaguo poa hapo.

Na nyasi pia. Mifugo ikijaa karibu na maji, nyasi ya hapo inaisha. Nyasi inabaki mbali, maji yanabaki hapa. Kila kilomita inayoongezeka kati ya hizo mbili ni kilomita ambayo mama lazima atembee kwenda na kurudi, akiwa na mtoto wa wiki mbili. Mtoto anachoka. Mtoto anadedi. Na juu mama amebeba miezi 13, hawezi lipia hiyo hasara haraka. Ndio maana mnyama anaweza pungua bila mtu hata mmoja kurusha risasi.

2022, ule mwaka

Kama ulikuwa huku 2021 na 2022, sihitaji kukueleza. Mvua ilikataa msimu baada ya msimu. Mjomba wangu anakaa upande wa Gotu. Alikuwa na ng'ombe 30 na kitu. Alibaki na wanne. Nilienda kumwona mwezi wa tisa, na kutoka barabarani hadi kwake ilikuwa harufu. Mizoga kila mahali.

Nikamuuliza kama punda milia pia wanakufa. Aliniangalia ile ya kusema huyu kijana amelewa nini. Alafu akasema, "Mpwa wangu, walikuwa wanakuja usiku kulamba matope tulioacha. Sisi tunaskia kwato. Hatukuwafukuza. Tungewafukuza waende wapi?"

Novemba ya huo mwaka wizara ya utalii ilitoa ripoti ya wanyama waliopatikana wamekufa juu ya ukame kuanzia Februari hadi Oktoba. Nyumbu 512. Punda milia wa kawaida 381. Ndovu 205. Nyati 51. Grevy 49. Twiga 12.

Ukisoma haraka utasema Grevy ni wachache, si mbaya. Lakini ngoja. Waliokufa 381 walitoka kwa punda milia wa kawaida karibu 122,000. Hiyo ni kama watatu kwa kila 1,000. Waliokufa 49 walitoka kwa Grevy 2,649. Hiyo ni kama 18 kwa kila 1,000. Grevy alipigwa mara sita zaidi. Na hao ni wale mizoga yao ilionekana. Porini hakuna mtu anahesabu kila mfupa.

Haikuwa mara ya kwanza kupigwa hivyo. Kati ya mwisho wa 2005 na mwanzo wa 2006, kimeta iliingia upande wa Wamba, hapo Samburu, ikamaliza Grevy zaidi ya 50. Kimeta ni ule ugonjwa unaoua ng'ombe ghafla na damu inatoka kwa matundu ya mwili. Inakaa kwa udongo miaka mingi, inapiga mifugo, mnyama wa porini na mtu. Kwa hivyo mjomba akichanja ng'ombe wake dhidi ya kimeta, anamkinga na Grevy bila kujua. Damu inaweza kuwa tofauti lakini udongo ni mmoja.

Unamhesabu aje mnyama asiyekaa mahali?

Hii sehemu ndio ilinishika kabisa, juu inatumia kitu kila mmoja wetu ako nayo mfukoni: kamera.

Mistari ya Grevy ni kama alama ya kidole. Hakuna wawili wanafanana. Kwa hivyo tarehe 30 na 31 Januari 2016, watu zaidi ya 500 walisambazwa kwa kaunti tano, Isiolo, Samburu, Laikipia, Marsabit na Meru, wakiwa na kamera zenye GPS. Hawakuwa maprofesa wote. Kulikuwa na watu wa kawaida, rangers, wanafunzi, watu wa familia zao. Kazi ilikuwa moja: ukiona Grevy, mpige picha upande wa kulia. Lazima wa kulia, juu mistari ya kushoto ni tofauti na ya kulia, na watu wakichanganya, mnyama mmoja atahesabiwa kama wawili. Walirudi na picha 40,000 na zaidi, programu ya kompyuta ikasoma mistari na kusema huyu ni nani na huyu ni nani.

Lakini si walikosa wengine? Ndio, na hesabu yake ni rahisi hadi nilijiuliza mbona mwalimu wetu wa hesabu hakutufunza hivyo. Sema siku ya kwanza umepiga picha ya wanyama 100. Siku ya pili umepiga wengine 100, ukicheki unakuta 50 ni wale wale wa jana. Hiyo inamaanisha siku ya pili ulikutana na nusu ya wale uliokuwa unawajua. Basi pengine kila siku unaona nusu ya wote. Kama 100 ni nusu, wote ni kama 200. Wanasayansi wanaweka marekebisho yao hapo juu, lakini msingi ni huo.

Jibu la 2016 lilikuwa Grevy 2,350 Kenya. Wakarudia Januari 2018, wakapata 2,812. Kuna wengine wakaona hizo namba wakasherehekea. Ongezeko hilo lina sababu zake, ikiwemo kufika sehemu zaidi. Lakini ujumbe ulikuwa huu: kuporomoka kumesimama, namba zinashikilia. Alafu ukame ukaja.

Nani anawalinda, na ugomvi uko wapi?

Sehemu kubwa ya Grevy hawaishi ndani ya mbuga za serikali. Wanaishi kwa ardhi ya jamii, na mifugo, na boma, na watoto wa shule. Ukiwaza kuweka ua kuwazunguka, sahau. Kwa hivyo wanaowalinda ni watu wa hapa hapa.

Kuna shirika linaitwa Grevy's Zebra Trust, lilianzishwa 2007, ambalo huajiri wanakijiji, wamama wakiwemo, kutembea kila siku wakiandika Grevy wangapi, watoto wangapi, wako wapi. Mama ambaye hajawahi kaa darasani anatumia GPS kukuliko wewe unavyotumia Tiktok. Ukame ukizidi, wao huweka marobota ya nyasi kavu mahali Grevy hupita. Lewa, pale mpakani mwa Meru na Isiolo, pia wako na Grevy wengi. KWS nao wako na mpango wa kitaifa wa kumrudisha huyu mnyama, unaoenda hadi 2026.

Lakini nisikudanganye kwamba kila kitu ni shwari. Uhifadhi huku uko na siasa yake. Januari 2025, mahakama ya mazingira na ardhi hapa Isiolo iliamua kwamba hifadhi za Biliqo Bulesa na Cherab hazikuanzishwa kisheria, baada ya wanajamii kwenda kortini wakisema ardhi yao ilichukuliwa bila wao kushirikishwa vile inafaa. Hiyo ni kitu kubwa. Kuna watu watakuambia ukiunga mkono hao wanajamii, wewe ni adui ya wanyama. Mimi sioni hivyo. Mjomba wangu aliyekataa kufukuza Grevy kwa matope yake ya mwisho ndiye mtu huyu mnyama anahitaji zaidi. Ukimfanya ahisi kwamba mnyama ako na haki kumshinda, umepoteza wote wawili.

Zamani Waborana walikuwa na dedha, wazee wanaopanga mifugo ilishe wapi wakati wa mvua, wapi wakati wa kiangazi, na wapi paachwe kabisa kwa ajili ya ukame mbaya. Hao wazee hawakuwa wanawaza Grevy. Walikuwa wanawaza ng'ombe. Lakini nyasi iliyowekewa akiba iliwasaidia wote. Hiyo mipango imedhoofika juu ya mipaka mipya, bunduki, na watu kuongezeka. Saa hii mathenge imejaza sehemu ambazo zilikuwa malisho, na Ewaso Nyiro yenyewe inakauka sehemu za huku chini wakati wa kiangazi, huko juu maji yakivutwa kwenda kwa mashamba. Mto ukikauka Archer's Post, hauchagui nani abaki na kiu.

Alafu kuna maendeleo. Tumepata lami hadi Moyale, tumepata uwanja wa ndege, barabara ya kwenda Mandera inajengwa, tunaambiwa Isiolo itakuwa jiji la mapumziko la watalii. Mimi nataka hizo vitu. Nataka kazi. Lakini mtalii hataruka hadi Isiolo kuja kuona lami. Barabara inaweza jengwa na mahali pa wanyama kuvukia. Lazima mtu aulize hilo swali mapema kwa mkutano wa baraza, kabla tingatinga ifike, na huyo mtu anaweza kuwa wewe.

Sasa wewe ufanye nini?

Sitakuambia uwache hustle yako uende kulinda punda. Lakini kuna vitu vidogo.

Ukiwa na nduthi na ukutane nao karibu na maji, usiwakimbize juu ya video. Yule unayecheka akikimbia anaweza kuwa mama aliyetembea usiku mzima, na ukimtoa kwa maji ameenda kavu hadi kesho.

Ukipata picha, piga upande wa kulia. Onyesha rangers au maguide wa karibu. Picha yako inaweza kuwa ya mnyama ambaye hajaonekana mwaka mzima.

Ukiona mzoga, usiguse, usichune, usikate nyama hata kama una njaa. Inaweza kuwa kimeta. Piga simu kwa chifu, daktari wa mifugo au KWS.

Ukienda boma kwenu na kuna siku ya chanjo, saidia wazee kupeleka mifugo. Ni kazi ya siku moja.

Na ukiwa dere wa ile barabara ya juu, punguza mguu jioni na alfajiri. Hao wanavuka wakienda kunywa.

Wiki iliyopita nilipanda tena ile matatu. Tulipopita Ngare Mara walikuwa wawili, mama na mtoto. Mtoto wa Grevy huzaliwa na mistari ya kahawia, na nywele ndefu mgongoni kama mtu amemfunga kilemba. Nilimgusa boy aliyekuwa karibu nami, labda wa miaka 16, nikamwambia, "Cheki, huyo ni Grevy."

Akatoa earphone moja. "Nani?"

Nikamweleza hadi Archer's Post. Alishuka akiniuliza kama huko Ufaransa wako nao pia. Nikamwambia kwa zoo, ndio. Porini, ni Ethiopia kidogo, na huku kwetu.